Chenji Iliyozidi

Nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka 30, kwanza katika shule ya msingi na baadaye katika vyuo vya ualimu. Nilifundisha biashara ya masafa marefu, kodi ya nyumba, ujio wa reli, kuanzishwa kwa Benki Kuu. Katika vitabu vyote nilivyopewa na Wizara, na vile nilivyonunua kwa fedha yangu mwenyewe, sikukuta hata ukurasa mmoja juu ya jambo ambalo kila aliyewahi kusimama mbele ya kaunta analijua: muuzaji amekosea hesabu, amekurudishia fedha nyingi kuliko haki yako, na yeye hajui. Wewe unajua. Au utajua baadaye, ukishafika nyumbani na kuhesabu. Jambo hilo halina mnara wala sikukuu ya taifa, na pengine ndiyo sababu wanahistoria wameliruka. Mimi naona lina historia yake, tena ndefu, na sehemu yake kubwa imepita hapa hapa kwetu.

Tuanze na maneno. Fedha ni neno la Kiarabu, nalo kwa asili ni jina la madini. Pesa limetoka India. Hela, ambalo vijana wengi wa Bara wanadhani ni neno la mtaani lililozuka juzi, si jingine ila heller ya Wajerumani. Shilingi na senti tuliachiwa na Waingereza, na chenji pia ni yao. Hata duka lenyewe tulilipokea kwa Wahindi. Kila aliyekuja kututawala au kufanya biashara nasi aliacha neno, na pamoja na neno aliacha hesabu mpya, ambayo watu walitakiwa kuijua kabla hawajamaliza kuizoea ile ya zamani.

Hesabu hizo hazikuwa nyepesi. Katika pwani ya karne ya 19 sarafu kubwa ilikuwa reale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyoendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 miaka mingi baada ya malkia huyo kufa mwaka huo huo. Bara watu walilipana kwa shanga, kauri na doti za merikani. Kisha rupia ya India ikashika soko. Rupia 1 ilikuwa na anna 16, na kila anna ilikuwa na pesa 4, yaani pesa 64 kwa rupia. Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa zake za shaba mwaka 1882, na kampuni ya Wajerumani ikatoa za kwake kuanzia 1890, bado kwa hesabu ile ile ya 64. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikabadilisha: rupia sasa itagawanywa kwa heller 100.

Sasa msomaji achukue kalamu. Ikiwa pesa 64 ni sawa na heller 100, basi pesa 1 ni heller 1 na zaidi ya nusu, na hakuna sarafu ya nusu na ziada. Mama aliyekuwa ananunua chumvi kwa pesa 3 alitakiwa kulipa heller ngapi? Nne na kidogo. Nani alikula hicho kidogo? Swali hilo niliwahi kuwapa wanachuo wangu wa mwaka wa kwanza, na wengi walinijibu bila kusita: mwenye duka. Nadhani walikuwa sahihi mara nyingi, ingawa si kila mara.

Waingereza walipochukua nchi mambo hayakutulia. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1919. Rupia, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa 15 kwa pauni moja, ilipandishwa thamani mwaka 1920 ikawa sawa na shilingi 2 za Kiingereza. Ikaja florini, ambayo haikukaa. Na mwaka 1921 ikaamuliwa kuwe na shilingi ya senti 100. Mtu aliyezaliwa Tabora mwaka 1890, kama babu yangu mzaa baba, alikuwa hajafika umri wa miaka 35 na tayari amekwishapita katika pesa, heller, senti za rupia na senti za shilingi. Katikati ya hayo, mwaka 1916, meli za Wajerumani zilipozuiwa baharini, karakana ya reli pale pale Tabora ilifyatua sarafu za heller 20 na heller 5 za dharura, pamoja na zile za dhahabu zenye picha ya tembo ambazo leo matajiri wa Ulaya huzigombania kwenye minada. Unguja nao walikaa na rupia mpaka tarehe 1 Januari 1936, ndipo ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Hapo tena pesa 1 ikawa senti 2 na theluthi. Na wazee waliendelea kusema thumuni, neno lenye maana ya sehemu ya nane, kwa sarafu ya senti 50 ambayo mtoto wa shule aliambiwa ni nusu.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu mara nyingi tunazungumza juu ya uaminifu kana kwamba hesabu ilikuwa wazi kwa wote siku zote. Haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kujua kama chenji aliyopewa imezidi au imepungua. Bibi yangu aliziunga senti zake zenye tundu katika uzi wa katani, tano tano, na alipokwenda dukani alilipa kwa kukata uzi. Alichorudishiwa alikipokea. Uaminifu wote ulikuwa upande wa pili wa kaunta, kama ulikuwepo.

Hapa ndipo ulipozaliwa udhuru mmoja ambao nimeusikia tangu utotoni na bado nausikia: wametuibia mno, wakikosea siku moja acha tule. Si udhuru wa kudharauliwa. Mizani ya wanunuzi wa pamba ilikuwa kilio cha kweli. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Usukuma walifikia kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia ili kuihakiki mizani, na kutokana na juhudi hizo ulikua ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, mpaka likaundwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Lakini angalia walichofanya. Walikwenda kusimama mbele ya mizani, mchana, na kudai haki yao kwa jina lake. Hilo ni tofauti kabisa na kumvizia kijana wa dukani aliyechoka jioni. Mzani uliochezewa ni kosa la makusudi la tajiri; noti mbili zilizogandana ni bahati mbaya ya aliyeajiriwa na tajiri. Deni linalipwa na asiyedaiwa.

Visa vya uaminifu dukani karibu vyote vinamsifu muuzaji. Wamarekani wana kisa cha Abraham Lincoln alipokuwa karani wa duka kijijini New Salem, Illinois, miaka ya 1830, kwamba alitembea maili kadhaa usiku kumrudishia mama mmoja senti chache alizomzidishia kwa makosa. Kisa kiliandikwa baada ya kifo chake, na mimi siwezi kukiapia. Biblia inalaani mawe ya kupimia yenye hila. Qur'ani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, juu ya wanaopunja. Nayo, ukiisoma vizuri, inamtazama mtu katika hali zote mbili, anapopokea na anapotoa, jambo ambalo masheikh wa mji wetu walipenda kulieleza siku za Ijumaa. Lakini mnunuzi aliyerudi dukani na shilingi zilizozidi hajapewa kisa chake. Nilipoanza kumtafuta sikumkuta katika vitabu vya dini wala vya hadithi. Nilimkuta katika vitabu vya sheria, tena akiwa mshtakiwa.

Kijana wangu wa pili alisoma sheria, na vitabu vyake vilikaa nyumbani kwangu miaka miwili. Humo nilisoma mashauri matatu ya Uingereza ambayo nayaweka hapa kwa sababu kila moja ni chenji iliyozidi.

La kwanza ni la mwaka 1873. Mtu mmoja aitwaye Middleton alikuwa na akiba ya shilingi 11 katika benki ya posta. Alikwenda kuchukua shilingi 10. Karani, akitazama barua isiyo yake, akaweka juu ya kaunta pauni 8, shilingi 16 na peni 10, akaziandika hata katika kitabu cha akiba cha Middleton na kugonga mhuri. Middleton alizichukua akaondoka. Alishtakiwa kwa wizi. Shauri lilifika mbele ya majaji 15, na majaji 11 walisema ni mwizi, 4 walisema siyo. Wale wanne hawakuwa wapumbavu. Hoja yao haikuwa ngumu: mtu hawezi kuiba kitu alichokabidhiwa kwa mkono na mwenye mamlaka ya kukikabidhi. Lakini ilithibitishwa kwamba Middleton alijua, pale pale kwenye kaunta, kuwa fedha ile si yake.

La pili, la mwaka 1885, ni gumu zaidi. Ashwell alimwomba mwenzake amkopeshe shilingi moja. Ilikuwa giza. Mwenzake akatoa sarafu mfukoni akampa, wote wawili wakiamini ni shilingi. Ilikuwa sarafu ya dhahabu ya pauni moja, yaani shilingi 20. Ashwell aliligundua hilo muda kidogo baadaye, akaitumia. Je, ameiba? Majaji 14 wa Malkia walikaa, wakasoma, wakabishana, wakagawanyika 7 kwa 7. Kwa kuwa hawakupata wingi wa kuitengua, hukumu ya kumtia hatiani ikabaki. Nawapenda majaji wale. Wengi wetu tungetoa jibu kabla ya kumaliza kunywa chai.

La tatu ni la 1956, nalo linahusu bahasha ya mshahara. Kibarua mmoja alikuwa amekwishachukua sehemu ya mshahara wake mapema, karani wa malipo hakuarifiwa, akamwekea mshahara wote. Kibarua aliifungua bahasha nyumbani, akaona, akaamua kukaa kimya. Mahakama ilisema hakuiba, kwa sababu alipoipokea bahasha mkononi hakuwa anajua. Uovu ulikuja baadaye, na sheria ya wizi ya wakati ule ilitazama dakika ya kupokea tu. Waingereza waliliona tundu hilo wakaliziba kwa Sheria ya Wizi ya 1968.

Linalonifurahisha mimi kama mwalimu wa historia ni kwamba sisi tulikuwa tumewatangulia. Kanuni ya Adhabu ya India, ambayo rasimu yake ilitayarishwa chini ya Macaulay mwaka 1837 na kupitishwa 1860, ilikuwa na kifungu dhidi ya mtu anayepata mali ya mwenzake bila hatia, akaja kugundua, kisha akaamua kwa hila kuifanya yake. Sheria hiyo ndiyo iliyotumika Tanganyika tangu 1920 mpaka tulipotungiwa Kanuni yetu mwaka 1930. Kwa hiyo karani wa Ujiji au Lindi, miaka ya 1920, angeweza kutiwa hatiani kwa jambo ambalo kibarua wa Kiingereza aliachiwa huru mwaka 1956. Na Sheria yetu ya Mikataba ya 1961, nayo ikifuata ile ya India, ina kifungu kifupi ambacho kingestahili kubandikwa ukutani katika kila duka: aliyelipwa kwa makosa sharti arudishe. Hakiulizi ni shilingi ngapi, wala kama mlipaji ni tajiri.

Wenye maduka, kwa upande wao, hawakungoja majaji. Mwaka 1879, katika mji wa Dayton, Ohio, mwenye baa mmoja, James Ritty, alichoshwa na wahudumu wake waliokuwa wakitia fedha mifukoni. Akiwa safarini kwa meli aliona chombo kilichohesabu mizunguko ya rafadha, na akawaza: kwa nini kisihesabu mauzo? Alitengeneza mashine akaipa jina la keshia asiyehongeka. Baadaye mashine hiyo ikaongezewa droo na kengele, ikaenea dunia nzima. Kwetu, mwaka 2010, zilikuja mashine za risiti za kielektroniki kwa ajili ya kodi. Zote hizo zimebuniwa kumchunga anayeuza. Mashine itakuandikia kwa usahihi kabisa kwamba chenji ni 3,500, na mkono wa binadamu utatoa 8,500 kwenye droo. Jioni droo na karatasi vitapishana, na mashine itamshitaki yule yule mmoja.

Wauzaji wana jina la jambo hilo: shoti. Fulani ametoka shoti. Kwenye vituo vya mafuta, kwenye mabasi, madukani, shoti hukatwa kwenye mshahara wa aliyekuwa zamu. Wateja wengi hawalijui hili, au hawalifikirii. Wanadhani wamemshinda mwenye duka. Methali inasema cha mlevi huliwa na mgema, lakini hapa mlevi hayupo. Yupo binti aliyesimama tangu saa 1 asubuhi.

Mwaka 1978 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu, na nilichaguliwa katibu wa duka la ushirika la chuo. Lilikuwa chumba kimoja kando ya bwalo: sabuni, madaftari, kalamu, dawa ya meno zikipatikana, sukari ikipatikana. Muuzaji alikuwa dada mmoja aliyemaliza darasa la saba, mwepesi wa hesabu kuliko baadhi ya wanachuo wetu. Jumamosi moja, siku mbili baada ya posho kutolewa na foleni ikiwa imefika uwanjani, alitoka na upungufu wa shilingi 80 kamili.

Ile 80 kamili ilieleza kila kitu kwa mtu aliyetaka kueleweshwa. Noti zetu wakati ule zilikuwa za 10, 20 na 100. Mtu alitoa noti ya 20, akarudishiwa chenji kana kwamba ametoa ya 100. Nilisema hivyo kwenye kamati. Tulikuwa watano. Nilipendekeza upungufu ubebwe na faida ya duka, kwa kuwa kosa lilitokea kazini na foleni ile ilikuwa ya watu wawili, siyo mmoja. Mjumbe mmoja aliniunga mkono. Watatu walisema tukianza kusamehe hatutamaliza, na mmoja akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wasichana hawa tunawajua. Ikaamuliwa akatwe shilingi 20 kwa miezi minne. Mshahara wake haukufikia 400.

Tulitangaza bwaloni mara mbili kwamba aliyezidishiwa arudishe, hata kwa kificho. Hakuna aliyerudisha. Yule dada aliendelea kuuza, lakini sasa alihesabu kila noti mara tatu, midomo ikicheza, na wanachuo waliokuwa nyuma ya foleni wakawa wanamkoroga kwa maneno. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, na wewe unaamini nilichukua?" Nilimwambia hapana. Akasema, "Basi kaniandikie hivyo." Nilimwandikia barua, nikaitia sahihi kama katibu. Makato ya mwezi wa nne yalipokwisha aliacha kazi. Nilisikia ameolewa upande wa Singida.

Mwaka 1980 ilinifikia bahasha isiyo na jina la mtumaji. Ndani mlikuwa na shilingi 80 na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Bila shaka mwandishi alikuwa tayari mwalimu mahali fulani. Alieleza kwamba aligundua usiku ule ule bwenini. Alikusudia kurudisha Jumatatu duka likifunguliwa. Jumapili ikasikika kwamba dada wa dukani anatuhumiwa, na yeye akaogopa kwamba akijitokeza sasa ataonekana mwizi aliyebanwa na dhamiri na siyo mteja aliyekosewa. Akangoja maneno yapoe. Kila siku aliyongoja ikaifanya ya pili yake kuwa ngumu zaidi. Tulipotangaza bwaloni alikuwa amekaa meza ya tatu.

Nimekutana na wezi katika kazi yangu, wengine wenye vyeo, na siwezi kumweka kijana huyu pamoja nao. Lakini simwachii kama majaji wa 1956. Saa ya kwanza alikuwa na fedha ya duka mkononi bila kosa lolote. Kufikia Jumapili jioni alikuwa na mshahara wa mtu mfukoni, na alijua ni wa nani. Kile majaji wa kesi ya Ashwell walichogawanyika juu yake, yaani ni dakika gani hasa mtu anageuka, yeye alikiandika katika karatasi moja ya daftari bila kusoma sheria.

Kamati ilijadili bahasha ile kwa dakika zisizozidi kumi. Nilisema fedha ni ya yule dada, kwa kuwa duka lilikwisha kulipwa. Safari hii wote walikubali. Niliandika barua kwa anwani niliyopewa na ndugu zake, sikupata jibu. Niliandika ya pili. Bei za vitu wakati huo, baada ya vita vya Kagera, zilikuwa zinapanda kila ukigeuka, na zile shilingi 80 za 1980 hazikuwa tena zile za 1978. Mwisho wa mwaka mkaguzi alidai fedha isiyo na mwenyewe isikae ndani ya faili, na ikaingizwa kitabuni chini ya mapato mengineyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, tunawafundisha watoto. Ile ilipotea ndani ya daftari, kwa wino.

Miaka iliyofuata kosa la chenji lilibadilika sura. Mfumuko wa bei uliziua senti zote, moja baada ya nyingine. Sarafu zenye sungura na mbuni tulizojivunia 1966 zikawa vichezeo vya watoto. Ukadaiwa 50 dukani ukapewa pipi mbili, ukadai wewe ukaambiwa njoo kesho. Watu wakazoea hesabu isiyofunga, na nadhani mazoea hayo yalidhoofisha kitu fulani. Anayepewa pipi badala ya chenji yake mwaka mzima hajisikii vibaya sana siku noti moja inapozidi. Vijana wanaiita zali. Tangu 2007 Kenya na 2008 Tanzania, fedha ikaanza kupita kwenye simu, na kosa likawa halihitaji hata kaunta: tarakimu moja ikikosewa, mshahara wa mtu wa Moshi unaingia kwa mtu wa Mtwara ambaye hawajuani.

Mwaka 2019 watafiti wa Ulaya na Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao la pochi zaidi ya 17,000 walizozikabidhi mapokezi ya benki, hoteli, posta na ofisi katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwamo, wakijifanya wameziokota. Nyingine zilikuwa na fedha, nyingine hazikuwa nayo. Waulize watu wowote ni zipi zilirudishwa zaidi, watakujibu zile tupu. Ilikuwa kinyume: zisizo na fedha asilimia 40, zenye fedha asilimia 51. Na pochi zilizokuwa na ufunguo, kitu kisicho na faida kwa yeyote isipokuwa mwenyewe, zilirudishwa zaidi kuliko zisizo nao. Anayeshika pochi humwona mwenye pochi. Kwenye pochi kuna kadi yenye jina. Chenji haina jina, na kwenye simu hata sura hakuna.

Simu imeleta na ugumu mwingine ambao majaji wa Victoria hawakuuota. Matapeli wamejifunza kwamba watu wetu wengi ni waaminifu, na wanaishi kwa uaminifu huo. Unapata ujumbe unaofanana kabisa na wa kampuni, kwamba umepokea 150,000. Dakika mbili baadaye sauti ya upole inakupigia: shikamoo mzee, nimekosea namba, nilikuwa namtumia mama mgonjwa, tafadhali nirudishie. Mzee mwenye roho nzuri anatuma bila kutazama salio, na anachotuma ni chake. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, alipoteza hivyo sehemu ya pensheni. Siku hizi tunashauriwa, nami nakubaliana, kwamba fedha iliyoingia kwa makosa usiirudishe kwa aliyekupigia: tazama salio, usiitumie, piga simu kwa kampuni, waache wao wairejeshe ilikotoka. Ushauri mzuri. Lakini naona ajabu kwamba nimeishi mpaka kufika wakati ambapo mtu anayetaka kurudisha kisicho chake inampasa kwanza awe na hadhari.

Jirani na kwangu kuna kibanda cha wakala, kinaendeshwa na binti wa miaka 22. Shoti ikitokea analipa yeye. Nimemtazama mara nyingi anavyofanya kazi. Noti ya mteja haiingii kwenye droo. Anaiweka juu ya kaunta chini ya kokoto, anataja kwa sauti, "Elfu kumi yako, mzee," anahesabu chenji moja moja mbele yako, anangoja uhesabu na wewe, ndipo anainua kokoto. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema bibi yake, ambaye alifanya kazi kwa Mhindi mmoja Tabora kabla ya uhuru.